Kuteka Maji kwa Pakacha: Virusi vya Kompyuta Majumbani Mwetu

Katika mitaa yetu iliyo nje ya kisiwa cha Mombasa, tangu Likoni hadi Kisauni na Changamwe, limezuka neno ambalo limegeuka kuwa mwarubaini, ule mti unaosemekana kutibu maradhi arubaini. Neno lenyewe ni kufomati. Kompyuta ya nyumbani ikizorota, hufomatiwa. Ikitoa matangazo ya aibu mbele ya wageni, hufomatiwa. Faili zikitoweka, mwenyewe huambiwa na fundi aiache hadi jioni, aje kuichukua ikiwa imefomatiwa, na alipe. Baada ya majuma machache maradhi hurejea yale yale, na safari ya kwenda kwa fundi huanza upya. Ama kwa hakika, ndugu msomaji, huku ni kuteka maji kwa pakacha.

Dai langu katika makala haya ni moja tu. Kompyuta haitakasiki kwa kufutwa. Hutakasika pale mwenyewe anapojua adui alipitia mlango gani, kisha akaufunga mlango huo. Na katika mitaa yetu, mlango ulio wazi kuliko yote ni programu za wizi, zile ambazo vijana wetu huziita kraki, ambazo mara nyingi hutiwa ndani ya kompyuta na yule yule tuliyemwita aje kuitibu.

Huenda msomaji akauliza, je, jambo hili linawahusu nini walimu na wanafunzi? Linawahusu sana. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayesoma somo la Kompyuta hana budi kuandaa mradi, ambao ndio karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE, na mradi huo huchukua miezi kadhaa kukamilika. Mwalimu naye hujaza fomu za TPAD za Tume ya Huduma za Walimu kupitia mtandao, na hupeleka alama za wanafunzi wake kwa Baraza la Mitihani kwa njia iyo hiyo. Mitihani ya majaribio, maazimio ya kazi, barua za kuomba uhamisho, picha za harusi na stakabadhi za shamba, vyote hivyo hukaa ndani ya kompyuta moja iliyowekwa juu ya meza ya sebuleni, ambayo hutumiwa na baba, mama, watoto na binamu waliokuja likizoni. Mtu mmoja akifungua mlango, hasara huwa ya nyumba nzima.

Kabla ya kusema habari za tiba, yafaa tuujue ugonjwa. Virusi vya kompyuta si wadudu, wala si hitilafu ya mtambo. Ni programu kama programu nyingine yoyote, ila imeandikwa kwa nia mbaya, na ndiyo sababu wataalamu huziita zote kwa jina la jumla la programu hasidi. Baadhi hujinakili zenyewe kutoka faili hadi faili. Nyingine hujifanya kuwa kitu cha manufaa ili zikaribishwe. Nyingine hukaa kimya zikinukuu kila herufi unayoibonyeza. Mwaka 1983, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, Fred Cohen, aliandika programu ya majaribio iliyoweza kujinakili na kuenea ndani ya kompyuta, na mwalimu wake, Leonard Adleman, akaifananisha na virusi. Jina hilo limedumu hadi leo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1986, ilizuka Brain, ambayo huhesabiwa kuwa virusi vya kwanza kuenea katika kompyuta ndogo za aina ya IBM. Iliandikwa katika mji wa Lahore, Pakistan, na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, ambao hawakujificha hata kidogo: waliweka ndani yake majina yao, anwani na nambari ya simu. Walieleza kwamba walikuwa wakiilinda programu yao ya matibabu dhidi ya watu walioinakili bila idhini. Tazama, msomaji, jinsi mambo yalivyofungamana tangu mwanzo. Virusi na programu za wizi vilikutana utotoni mwao, na hadi leo havijaachana.

Tangu siku hizo hali imebadilika. Ile iliyokuwa mizaha na majivuno ya vijana imekuwa biashara. Mnamo tarehe 4 Mei 2000, baruapepe yenye kichwa cha mapenzi ilianza safari yake kutoka Manila, Ufilipino, na katika muda wa siku chache ikawa imeingia katika mamilioni ya kompyuta duniani. Kijana aliyeiandika hakuadhibiwa, kwa kuwa nchi yake haikuwa na sheria ya kumtia hatiani wakati ule. Leo anayeandika programu hasidi hatafuti sifa. Anatafuta nywila yako, fedha zako, au faili zako apate kuzishika rehani.

Adui huyu hutufikiaje sisi? Kwa miaka mingi alisafiri kwa miguu yetu wenyewe. Flashi moja ilitoka Mtongwe asubuhi ikiwa mfukoni mwa mwanafunzi, ikavuka feri, ikachomekwa katika saiba mjini, jioni ikapita Makupa ikaingia kompyuta ya jamaa huko Chaani, na kesho yake ikawa katika maabara ya shule. Mnamo Novemba 2008 palitokea Conficker, na matoleo yake yaliyofuata yalijifunza kuruka kutoka flashi hadi kompyuta kwa sababu Windows ya siku hizo ilikuwa na tabia ya kufungua yenyewe chochote kilichochomekwa. Ilibidi tungoje hadi Februari 2011 ndipo Microsoft iliposambaza marekebisho ya kuizima tabia hiyo katika kompyuta zilizokuwa zikitumia matoleo ya zamani.

Mwaka 2009 njia ya pili ilifunguliwa. Mkongo wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Muungano wa Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa ya kasi na ya bei nafuu zaidi. Heri hiyo ilikuja na wageni wake. Programu ambayo zamani ililazimu kununuliwa katika diski kwa mchuuzi, sasa mtoto wa shule huko Mtopanga anaweza kuipakua bila kutoka kitandani.

Nitatoa mfano mmoja wa hapa kwetu. Jirani yangu mmoja wa Kisauni, mzazi mwenye bidii, alikuwa amempelekea fundi kompyuta yake kwa kuwa ilikuwa nzito. Ilirudi ikiwa nyepesi kama unyoya, yenye Windows mpya na programu zote za ofisi, kwa malipo ambayo hayangetosha hata robo ya bei ya leseni. Siku ya Jumamosi bintiye, aliyekuwa katika kidato cha nne, alitafuta programu ya kuchora nembo ya mradi wake. Akapata moja iliyoandikwa kwamba ni ya bure, yenye kraki ndani yake. Kabla ya Magharibi kila hati na kila picha katika kompyuta ile ilikuwa imeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina lake, na hakuna hata moja iliyokubali kufunguka. Katika kila folda palikuwa na barua ya Kiingereza ikidai dola 980 za Marekani, zitakazopunguzwa hadi dola 490 iwapo mwenyewe atawasiliana nao katika muda wa saa 72.

Nilipoitwa, baba yake aliniambia, "Mwalimu, fundi ametwambia ameisafisha juzi tu!"

Naam, alikuwa ameisafisha. Lakini ili Windows ile ya wizi ikubali kufanya kazi, fundi alikuwa ametia programu ya kuidanganya Microsoft kwamba leseni imelipiwa. Programu za namna hiyo hukamatwa na walinzi wa kompyuta, kwa hivyo mlinzi alikuwa amezimwa, na pale ambapo hakuzimwa alikuwa ameagizwa apuuze folda kadhaa. Kwa maneno mengine, fundi alifagia nyumba, akapaka rangi, akamfukuza bawabu, kisha akaondoka akiwa ameliacha lango wazi. Binti yule hakufanya lolote ila kumkaribisha mgeni aliyemkuta ameshafunguliwa.

Programu iliyomdhuru ni ya ukoo unaojulikana kwa jina la STOP, au Djvu, na yale madai ya dola 980 na 490 ndiyo alama yake. Ukoo huu hauyawindi mabenki. Huwawinda watu wa majumbani, hasa wanafunzi, na chambo chake kikuu ni kraki. Mnamo Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bila malipo chombo cha kuzifungua faili zilizofungwa na aina 148 za ukoo huo. Lakini aina zilizotoka baada ya Agosti mwaka huo hufunguka mara chache tu, pale ambapo ufunguo uliotumika ni ule ambao programu hubeba yenyewe inapokosa kuwasiliana na seva yake. Aina iliyompata binti yule haikuwa na dawa. Kilichomwokoa ni nakala ya mradi iliyokuwa katika maabara ya shule, ya majuma matatu nyuma. Alikesha akaikamilisha upya. Picha za marehemu bibi yake, ambazo hazikuwa na nakala popote, zimepotea.

Je, mtu akipatwa na masaibu haya afanye nini? Nitazieleza hatua kwa utaratibu, kwani utaratibu ndio unaotofautisha tiba na papara.

Kwanza, kompyuta itenganishwe na intaneti mara moja, na flashi zote zichomolewe. Adui asiyeweza kuwasiliana na bwana wake hupungukiwa na nguvu, na mashine nyingine za nyumbani husalimika.

Pili, zile kazi ambazo bado ni nzima zinakiliwe katika diski ya nje. Zinakiliwe hati, picha na faili za muziki, wala zisichukuliwe programu, kwa kuwa ndani ya programu ndimo virusi hupenda kujibanza. Iwapo faili zimefungwa na wadai fidia, zinakiliwe pia pamoja na ile barua yao, kwani yaweza kutokea siku za usoni ufunguo ukapatikana. Upo mradi wa kimataifa uitwao No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, ambao hukusanya funguo hizo na kuzitoa bure. Kuwalipa wadai fidia si shauri jema: hakuna anayekudhaminia kwamba utapewa ufunguo, na fedha zako huandaa shambulizi la nyumba ya pili.

Tatu, mlinzi aamshwe. Tangu mwaka 2012, ilipotoka Windows 8, kila Windows huja na mlinzi wake, ambaye leo anaitwa Microsoft Defender, na hadaiwi hata senti moja. Fungua Windows Security uone kama amezimwa. Utazame pia ile orodha ya folda alizoambiwa azipuuze, na kila usilolitambua humo lifute. Kisha umwagize afanye uchunguzi ule unaotangulia kuamka kwa Windows. Kompyuta itajizima, iwake tena, na katika muda wa takriban robo saa mlinzi ataikagua diski wakati adui bado amelala. Hatua hii ina maana kubwa, kwa sababu virusi vingi hujificha pale tu vinapokuwa vimeamka.

Nne, omba maoni ya pili. Malwarebytes, kwa mfano, ina toleo la bure linalotosha kwa kazi ya uchunguzi. Hata hivyo, walinzi wawili wa kudumu wasiwekwe katika kompyuta moja. Watagombana wao kwa wao, na mashine itakuwa nzito kuliko ilivyokuwa na virusi.

Tano, tazama katika orodha ya programu na katika vivinjari. Yale matangazo ya aibu na ile tabia ya kukupeleka usikotaka kwenda mara nyingi hutokana na viongezo vidogo vilivyobandikwa kwenye kivinjari, wala si virusi vikubwa. Kiondoe kila usichokumbuka kukiweka.

Sita, badilisha nywila zako zote, na jambo hili ulifanye katika kifaa kingine kilicho safi, kwani ukiandika nywila mpya katika kompyuta yenye ugonjwa utakuwa umemkabidhi mwizi ufunguo mpya. Anza na baruapepe, kwa kuwa anayeishika baruapepe yako anaweza kuziomba nywila nyingine zote zitumwe humo. Kisha ufuate benki, akaunti za Tume na za Baraza la Mitihani. Programu za ukoo wa STOP zimewahi kuandamana na wezi wa nywila kama Azorult. Na mnamo Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi mwizi mwingine, Cryptbot, alivyokuwa akisambazwa ndani ya nakala bandia za KMSPico, ambayo ni mojawapo ya programu za kuidanganya Windows kuhusu leseni.

Saba, na hii ndiyo ya mwisho, kama mashaka yangalipo, hapo sasa kompyuta ifutwe. Sipingi kufomati, ndugu msomaji. Ninachokipinga ni kufomati kwanza na kufikiri baadaye, na kisha kuirudisha Windows kutoka katika flashi ya fundi ambayo imepita katika kompyuta mia moja. Windows ipakuliwe kutoka kwa Microsoft yenyewe, kwa kutumia kompyuta isiyo na ugonjwa. Kompyuta iliyonunuliwa na leseni yake kwa kawaida huikumbuka leseni hiyo, na haihitaji kraki yoyote. Wengi waliofanyiwa Windows ya wizi walikuwa na ya halali tangu mwanzo, bila ya wao kujua.

Kuhusu flashi yapo maneno mawili. Kuna virusi ambavyo huzificha folda zako na kuweka mahali pake vialama vinavyofanana nazo, na ukikibonyeza kialama kimoja unaviamsha virusi vyenyewe. Wanafunzi wengi wakiyaona hayo hudhani kwamba kazi yao imepotea, wakaifuta flashi nzima. Kazi haijapotea; imefichwa tu. Mlinzi akishaisafisha flashi, fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ambapo F ni herufi ya flashi yako. Folda zitajitokeza, nawe uvifute vile vialama. Mwalimu mmoja akiijua amri hii, anaweza kuyafuta machozi ya darasa zima.

Najua yupo atakayesema, "Mwalimu, maneno haya ni matamu, lakini leseni ni ghali." Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi. Bei ya Windows na ya programu za ofisi imepangwa kwa mifuko ya Ulaya na Marekani, si kwa mshahara wa mwalimu wa Likoni. Muungano wa makampuni ya programu, BSA, ulikadiria kwamba mwaka 2017 zaidi ya asilimia 70 ya programu zilizokuwa katika kompyuta za Kenya hazikuwa na leseni. Muungano huo una maslahi yake katika hesabu hizo, lakini yeyote aliyekaa katika kibanda cha fundi kwa nusu saa hatashangaa.

Hata hivyo, ughali si hoja ya kukaribisha mwizi, maadamu zipo programu za halali zisizolipiwa. LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010, huandika barua, hupiga hesabu na hutayarisha mitihani bila malipo. Kompyuta kuukuu ambayo Windows imeilemea yaweza kuendeshwa na Ubuntu, mfumo wa bure ulioanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na ambao umechukua jina lake katika neno la ndugu zetu wa kusini lenye maana ya utu. Kwa mwanafunzi ambaye mradi wake umezoeleka kufanywa kwa Microsoft Access, shule ndiyo inayopaswa kumpa nafasi katika kompyuta zake zenye leseni, badala ya kumwambia, "Jitafutie," ilhali inajua fika kwamba atajitafutia wapi.

Aidha, pana hatari ya kubaki na mifumo iliyoachwa na wenyewe. Mnamo tarehe 12 Mei 2017 programu ya WannaCry iliziteka kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Marekebisho ya kuziba ufa ilioupitia yalikuwa yametolewa miezi miwili kabla, mwezi Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuyachukua. Windows 10 nayo ilifikia kikomo chake tarehe 14 Oktoba 2025, na asiyejiandikisha katika muda wa nyongeza hapati tena marekebisho ya usalama. Katika nyumba nyingi za mitaa yetu ndiyo inayotumika hadi leo. Isitoshe, Windows ya wizi mara nyingi huwa imezimiwa marekebisho hayo kwa makusudi, ili hila yake isigunduliwe.

Sheria tunayo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ilitiwa saini Mei 2018, na Mamlaka ya Mawasiliano ina kituo cha kitaifa cha kupokea taarifa za mashambulizi ya mitandao. Lakini sheria humfuata mhalifu baada ya dhara, na mara nyingi mhalifu wenyewe yuko nchi ambayo askari wetu hawafiki. Picha za marehemu bibi hazirudishwi na mahakama.

Kwa hivyo mzigo huu unatuangukia sisi tulio darasani. Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya serikali. Mosi, kila mwalimu wa Kompyuta atenge kipindi kimoja kila muhula cha kuisafisha kompyuta mbele ya wanafunzi, kwa hatua nilizozieleza, wajionee kwa macho yao. Mwanafunzi aliyeliona jambo likifanywa hulipeleka nyumbani kwao, na huko akawa mwalimu wa wazazi wake. Pili, shule iwe na desturi ya kuhifadhi kila mradi mahali pawili, nakala moja ikae katika diski isiyochomekwa kwenye kompyuta ila wakati wa kunakili. Tatu, na hili ndilo gumu, sisi walimu tuache kugawana kraki katika vyumba vyetu vya walimu. Hatuwezi kumwadhibu mwanafunzi aliyenakili insha ya mwenzake ilhali mtihani tuliomtungia umeandikwa kwa programu ya wizi.

Mafundi wetu nao tusiwahukumu kwa pamoja. Wengi wao ni vijana walioachwa na ajira, wanaojifunza kazi kwa macho na kwa kubahatisha, na wateja ndio wanaowashurutisha wafanye haraka na kwa bei ya chini. Siku tutakapomuuliza fundi, "Hii Windows umeitoa wapi, na mlinzi umemwacha akiwa macho?" naye akajua kwamba jibu lake ndilo litakaloamua kama atalipwa, ataibadilisha kazi yake. Swali hilo halina gharama. Linahitaji tu mteja anayelijua, na mteja huyo leo ameketi katika dawati la shule, akingoja kufundishwa.